Uzimwe au Uachwe? Mjadala wa Moto katika Misitu ya Kaskazini

Hoja iliyo mbele ya baraza ni fupi: kwamba kila moto unaozuka katika misitu ya kaskazini uzimwe mara tu unapoonekana. Ufupi huo unadanganya, kwa sababu maneno "msitu" na "moto" hayabebi maana moja huko Alaska na katika milima ya Montana, na sehemu kubwa ya ugomvi uliodumu zaidi ya karne moja kati ya wazimamoto, wanasayansi na watunga sera imetokana na watu kuchukua fundisho walilolipata katika msitu mmoja na kulipeleka katika msitu mwingine usiofanana nao. Misitu inayozungumziwa hapa ni ya boreali, ambayo Warusi huiita taiga: ukanda wa misonobari, misprusi na mibetula unaoizunguka dunia kuanzia Alaska na Kanada, kupitia Skandinavia, hadi Siberia, na ambao ni takriban theluthi moja ya misitu yote ya dunia. Chini ya miti hiyo, katika sehemu nyingi, mtu hakanyagi udongo bali hukanyaga zulia nene la kuvumwani na mboji, yaani mabaki ya mimea ambayo baridi na maji yameyazuia kuoza kwa mamia ya miaka. Na chini ya zulia hilo mara nyingi ipo pamafrosti, ambayo ni ardhi isiyoyeyuka mwaka hadi mwaka.

Wasemaji ni watatu, na majina yao ni ya nafasi tu. Mtetezi wa hoja anabeba fikra za mashirika ya zimamoto. Mpinzani anasema kwa niaba ya ikolojia ya moto, taaluma inayochunguza jinsi moto, mimea na wanyama vinavyoishi pamoja na kuumbana. Wa tatu ni Mwenyeji, anayewakilisha watu wa Mataifa ya Kwanza, wenyeji wa asili wa Kanada, ambaye kama ilivyo desturi ya mabaraza mengi amepangiwa kuzungumza mwishoni, muda ukiwa umekaribia kwisha.

Mtetezi: Mheshimiwa Mwenyekiti, mjadala uanze na hesabu ya mwaka 2023. Katika msimu mmoja moto uliteketeza takriban hekta milioni 15 za Kanada, eneo linalokaribia mara tatu ya Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Watu zaidi ya 200,000 waliamriwa kuhama makwao. Yellowknife, mji wa wakazi wapatao 20,000 ulio makao makuu ya Northwest Territories, ukabaki mtupu mwezi Agosti. Na moshi ulioanzia Quebec ulifika New York mwezi Juni ukaifanya anga yake iwe ya rangi ya chungwa mchana kweupe. Nchi tajiri, yenye ndege, helikopta na setilaiti, ililazimika kuomba msaada pande zote za dunia, hata wazimamoto zaidi ya 200 wakatoka Afrika Kusini kwenda Alberta. Miaka saba kabla ya hapo, Mei 2016, watu wapatao 88,000 waliukimbia Fort McMurray, mji wa mafuta wa jimbo hilohilo, na majengo yapatayo 2,400 yakawa majivu. Moto huo nao ulianza mdogo, kama ulivyo kila moto. Moto wa hekta moja huzimwa na watu wachache wenye pampu na majembe, ilhali moto wa hekta 10,000 hauzimwi na yeyote mpaka mvua inyeshe. Atakayeshauri kwamba moto uachwe kwanza ili tabia yake ionekane, anashauri kwamba ngazi ya kwanza iruhusiwe kuvukwa na ya pili isubiriwe kwa mikono mitupu.

Msimamo huu una ukoo mrefu, na haukuzaliwa na ujinga kama wapinzani wake wanavyopenda kudokeza. Tarehe 20 na 21 Agosti 1910, upepo mkali uliunganisha mamia ya mioto midogo katika majimbo ya Idaho na Montana, ukateketeza zaidi ya hekta milioni 1.2 katika siku mbili na kuua watu wasiopungua 85, wengi wao wakiwa wazimamoto. Idara ya Misitu ya Marekani ilikuwa na umri wa miaka mitano tu, na viongozi wake wa miongo iliyofuata, ambao baadhi yao waliupitia moto ule wakiwa vijana kazini, waliapa kwamba hautarudiwa. Mwaka 1935 idara hiyo ikaweka kanuni ya saa 4 asubuhi: kila moto udhibitiwe kabla ya saa 4 asubuhi ya siku inayofuata ile ulipoonekana, popote ulipo na hata kama hauelekei kumdhuru mtu. Kanuni hiyo ilidumu hadi mwaka 1978. Kwa miaka zaidi ya arobaini, basi, swali la moto lilijibiwa kwa saa ya ukutani, na Mpinzani anaanzia hapo.

Mpinzani: Ndugu Mtetezi amesema kweli, ila ameisema nusu. Kuna msonobari wa kaskazini ambao koni zake zimefungwa kwa utomvu mgumu kama gundi, na koni hizo hukaa juu ya mti kwa miaka mingi zikiwa zimeshikilia mbegu, mpaka joto la moto linapouyeyusha utomvu na mbegu kumwagika juu ya majivu, mahali penye jua na pasipo mshindani. Msprusi mweusi, mti mwembamba unaotawala sehemu kubwa ya Alaska na Kanada, hufanya jambo linalofanana na hilo, kwani koni zake husongamana kileleni zikiwa zimefungwa nusu, na hufunguka zaidi baada ya moto. Miti ya namna hii haikuokoka licha ya moto, imeumbwa kuungoja. Kwa kawaida moto hurudi mahali pamoja kila baada ya miaka 50 hadi 200 au zaidi, kutegemea ukavu wa eneo, na kila unaporudi huacha viraka vya msitu wenye umri tofauti, ambavyo wanyama na ndege tofauti huvitegemea. Hifadhi ya Yellowstone, ambayo tangu mwaka 1972 ilikuwa ikiiacha baadhi ya mioto ya radi iendelee, iliungua asilimia 36 mwaka 1988, na magazeti ya Marekani yakaizika ikiwa hai. Watu wapatao 25,000 walipelekwa kuuzima moto ule kwa gharama ya dola milioni 120, na theluji ya Septemba 11 ikafanya kile walichoshindwa wote. Miche ya msonobari ikaota kwa wingi katika eneo lilelile lililotangazwa kuwa limekufa.

Mpinzani anaongeza takwimu ambayo kila mwanafunzi wa fani hii huijua. Rekodi za Kanada za miaka ya 1959 hadi 1997 zilionyesha kwamba mioto iliyozidi hekta 200 ilikuwa asilimia 3 tu ya mioto yote, lakini ndiyo iliyochoma asilimia 97 ya eneo lote lililoungua. Maana yake ni kwamba zimamoto hushinda karibu kila siku, na siku chache inazoshindwa ndizo zinazoandika historia ya msitu; tena siku hizo haziamuliwi na idadi ya helikopta bali na ukame, joto na upepo. Wakati huohuo gharama hupanda. Mwaka 1995 Idara ya Misitu ya Marekani ilitumia asilimia 16 ya bajeti yake kwa moto, na mwaka 2015 ilikuwa imevuka nusu, hivi kwamba fedha za utafiti, za kutunza njia na za kupanda miti zimemezwa na moshi. Kisha anamaliza kwa hoja iliyo maarufu kuliko zote: kwamba kuzima moto kwa miaka mingi hulimbikiza kuni msituni, yaani nyasi kavu, matawi na miti midogo, mpaka siku moto unapokuja unakuta ghala limejaa, na kwa hiyo zimamoto huzalisha moto uleule inaodai kuuzuia.

Hapa inafaa wasemaji wasimamishwe kidogo, kwa sababu hoja hii ya mwisho, ambayo imekaririwa hata ikawa kama kanuni ya imani, ni kweli mahali pengine na si kweli mahali panapojadiliwa. Katika misitu mikavu ya msonobari wa ponderosa, kusini-magharibi mwa Marekani, moto wa chini ulipita zamani kila baada ya miaka michache, ukila nyasi na miche na kuiacha miti mikubwa yenye gamba nene ikiwa hai. Ulipozuiwa, miche ilijaa na kugeuka ngazi ambayo moto hupandia hadi kileleni. Huko ghala la kuni lilijazwa kweli na mkono wa binadamu. Msitu wa boreali haukuwahi kuishi hivyo. Matawi ya msprusi mweusi yanashuka hadi karibu na ardhi kwa maumbile yake, na moto wake wa kawaida tangu kale ni moto wa vilele, ule unaoruka kutoka taji la mti mmoja hadi jingine na kuua karibu kila mti ulio njiani. Tena sehemu kubwa ya msitu huo iko mbali na barabara kiasi kwamba hapajawahi kuwa na mtu wa kuuzima moto wake, na hivyo miaka themanini ya zimamoto haiwezi kulaumiwa kwa kuni ambazo haikuzigusa. Mpinzani amechukua kosa la Arizona na kulisomea mashtaka Kanada, na hapo anafanana kabisa na waliochukua hofu ya Idaho ya mwaka 1910 na kuifanya sheria ya bara zima.

Msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kujihadhari na mtego wa tatu wa aina hiyohiyo. Takriban theluthi mbili ya eneo lote linaloungua duniani kila mwaka liko Afrika, hasa katika savana na miombo, na mtu aliyekua akiona nyika ikichomwa baada ya mavuno anajua kwamba nyasi zitarudi na mvua, na kwamba hewa ya ukaa iliyopanda na moshi itashuka tena katika majani mapya msimu ujao. Anajua pia, au babu yake alijua, kwamba kinachofanya tofauti ni majira. Viwanja vya majaribio vya Ndola, huko Zambia ya leo, vilivyoanza mwaka 1933, vilionyesha kwamba moto wa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, huiacha miombo ikiishi, na moto wa mwishoni mwa kiangazi huifuta. Elimu hiyo ni nzuri, lakini haivuki bahari bila mabadiliko, kwa sababu nyasi za Ndola hukua mwaka mmoja na mboji ya Alaska hukua kwa karne.

Mtetezi ameisikia sentensi hiyo ya mwisho na kuidaka.

Mtetezi: Basi baraza litazame chini ya miti. Katika msitu wa msprusi kaboni nyingi haimo katika mashina bali katika kuvumwani na mboji, na moto unapokuwa mkali hauishii vileleni, hushuka na kufukuta ardhini kwa wiki na miezi. Watafiti waliochunguza maeneo yaliyoungua Northwest Territories mwaka 2014 waliipa kaboni hiyo jina la kufaa, kaboni ya urithi, kwa maana ya ile iliyookoka mioto iliyopita na kurithishwa kutoka msitu mmoja hadi unaofuata. Waligundua kwamba pale ambapo msitu ulikuwa na umri wa chini ya miaka 60 ulipoungua tena, karibu nusu ya maeneo yaliyopimwa yalikuwa yameanza kula urithi huo. Mwaka 2023 mioto ya Kanada ilitoa takriban tani milioni 650 za kaboni, kiasi ambacho nchi tatu tu, China, Marekani na India, hukizidi kwa mwaka kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Msemaji wa upande wa pili anafurahia miche, na ana haki. Lakini miche haiwezi kuirudisha katika miaka 80 mboji iliyokusanywa katika 800. Tena utafiti uliochapishwa mwaka 2022, ulioongozwa na Carly Phillips, ulikadiria kwamba kuongeza juhudi za kuzima moto Alaska kungezuia hewa ya ukaa kwa wastani wa dola 13 hivi kwa tani, bei isiyozidi ile ya njia nyingine nyingi zinazosifiwa katika mikutano ya tabianchi. Hatimaye sera imeanza kusikia: mwaka 2023, katika hifadhi ya Yukon Flats huko Alaska, eneo la takriban hekta 650,000 lililokuwa likiachwa kuungua liliwekwa katika daraja la kulindwa, na sababu iliyotajwa haikuwa nyumba wala mbao, bali ardhi iliyoganda na kaboni iliyomo.

Ili hoja hiyo ieleweke, lazima itajwe kwamba Alaska haina sera moja ya moto bali ina madaraja manne, yaliyowekwa katika miaka ya 1980 kwa makubaliano ya wamiliki wa ardhi: daraja la juu kabisa ni la makazi ya watu, ambako moto huzimwa kwa nguvu zote; hufuata maeneo ya thamani kubwa; kisha maeneo ambayo moto hupigwa vita mwanzoni mwa msimu na kuachiwa baadaye, mvua zikikaribia; na mwisho maeneo ya mbali ambako moto hutazamwa tu. Mpango huo ni miongoni mwa yenye busara zaidi duniani, kwa kuwa unakiri wazi kwamba fedha hazitoshi na kwamba si kila kilicho msituni kina thamani sawa. Kilichobadilika mwaka 2023 ni orodha ya vitu vyenye thamani, na mabadiliko hayo ni makubwa kuliko yanavyoonekana katika ramani.

Mpinzani: Dola 13 kwa tani ni bei ya karatasini. Katika Kanada radi ndiyo huwasha mioto inayochoma takriban asilimia 85 ya eneo lote linaloungua, na radi ya siku moja ya ukame huweza kuwasha mioto mingi kwa pamoja, mbali na barabara, huku kikosi kilekile kikihitajika mijini. Atakayeahidi kuilinda mboji ya Alaska yote anaahidi maisha ya vijana ambao hawajaulizwa. Mwaka 1949 walikufa 13 Mann Gulch, Montana. Mwaka 1994 wakafa 14 katika moto wa South Canyon, Colorado, na vifo hivyo vya pili ndivyo vilivyoisukuma serikali ya Marekani mwaka 1995 kuandika sera iliyotanguliza uhai wa mtu mbele ya kila mali. Isitoshe, msitu wenyewe una breki zake. Utafiti wa Jill Johnstone na wenzake huko Alaska na Yukon umeonyesha kwamba moto mkali unapoichoma mboji hadi karibu na udongo, mara nyingi msprusi haurudi, na nafasi yake huchukuliwa na mibetula na miaspeni, miti ya majani mapana yenye unyevu ambayo huungua kwa shida. Msitu unaojigeuza hivyo unajenga ukuta wake dhidi ya moto ujao.

Mtetezi: Na karibuu, kulungu wa kaskazini anayeishi majira ya baridi kwa likeni za msitu mzee, atakula nini chini ya ukuta huo? Ndugu Mpinzani auangalie pia mwisho wa njia anayoipendekeza. Mwaka 2015 Urusi ilianzisha rasmi maeneo ya udhibiti, ambako mamlaka za mikoa ziliruhusiwa kuacha kuzima moto kama gharama ingezidi hasara inayokadiriwa. Kwa karatasi, hiyo ni ikolojia na uchumi vikipeana mikono. Kwa vitendo, kiangazi cha 2019 moshi ulizifunika Krasnoyarsk na miji mingine ya Siberia, gavana wa mkoa wa Krasnoyarsk, Aleksandr Uss, akasema hadharani kuwa kupambana na moto wa mbali hakuna maana, na hasira ya wananchi ikalazimisha jeshi kutumwa. Miaka miwili baadaye moshi wa Yakutia ulisafiri hadi Ncha ya Kaskazini. Neno "kuacha" likiingia katika sheria, huwa rafiki wa mweka hazina kabla halijawa rafiki wa msitu.

Jibu hilo ni zuri, na Mpinzani hakulijibu vizuri. Alisema tu kwamba sera mbaya ya Urusi haifanyi sayansi nzuri kuwa mbaya, jambo ambalo ni kweli na halisaidii. Ndipo Mwenyeji aliposimama, na kwa kuwa wote wawili walimwita mzee wakimpisha, alianza kwa kuwashukuru kabla ya kuwakatalia.

Mwenyeji: Wanangu wamebishana vizuri kuhusu kuzima na kuacha. Hakuna aliyetaja kuwasha. Mwaka 1874 British Columbia ilitunga sheria ya moto wa nyika iliyowafanya wakosaji watu waliokuwa wakichoma kwa mpango tangu enzi za mababu, na majimbo mengine yakafuata njia hiyo, mpaka vizazi vikakua bila kufundishwa. Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Henry Lewis alipokwenda kaskazini mwa Alberta kuwauliza wazee wa Kicree na Kidene, walimweleza kazi ambayo vitabu vya misitu havikuwa nayo. Walichoma mwanzoni mwa machipuko, nyasi za mbugani, za kandokando ya maziwa na za njia za mitego zikiwa zimekauka kwa jua, huku theluji ikiwa bado imelala chini ya vivuli vya miti, hivyo moto ulipofika ukingoni ulizimika wenyewe. Theluji ndiyo iliyokuwa barabara ya kuzuia moto, na haikuhitaji tingatinga. Nyasi changa zilivuta wanyama wa kuwindwa, na mbuga zilizokwisha kuungua mwezi Mei hazikuwa na cha kuupa moto wa Julai. Msitu mkubwa wa misprusi hawakuuchoma, na moto wa radi uliokula malisho ya karibuu haukuwafurahisha hata kidogo. Wawindaji wengi wa kaskazini wamelalamika miaka nenda rudi kwamba serikali hulinda mji wa mbao na kuyaachia moto malisho ya mnyama anayewalisha. Anayedhani wenyeji wako upande wa "acha uwake" hakuwasikiliza, na anayedhani wako upande wa "zima wote" hakuwasikiliza pia. Tena moshi unapokuja, vijiji vyao ndivyo huhamishwa mara nyingi kuliko idadi yao ingefanya mtu atarajie.

Waswahili husema dawa ya moto ni moto, na wanaposema hivyo huwa wanazungumzia ugomvi wa watu; kwa Mwenyeji maneno hayo ni maelezo ya kazi. Idara ya hifadhi za taifa ya Kanada ilianza kuwasha moto wa mpango mwaka 1983, na leo wanasayansi wenye asili ya wenyeji, akiwemo Amy Cardinal Christianson, wa jamii ya Wametis, wanatetea kwamba kazi hiyo irudishwe mikononi mwa jamii zenyewe, si kuigwa tu na maofisa wenye fomu. Mtetezi hakukosa la kusema. Alikumbusha kwamba moto wa mpango uliowashwa Mei 2000 karibu na Los Alamos, New Mexico, uliponyoka ukaunguza nyumba zaidi ya 200, na kwamba mwaka 2022, katika jimbo hilohilo, mioto miwili iliyotokana na kazi za kuchoma kwa mpango iliungana ikala takriban hekta 138,000. Mwenyeji alijibu kwa swali moja: katika milima ile, siku ile, theluji ilikuwa wapi? Jibu hilo halimalizi ubishi, kwa sababu machipuko ya kaskazini nayo yanawahi na kukauka kuliko yale ya mababu, na kipindi ambacho nyasi ni kavu na theluji bado ipo kinazidi kuwa kifupi. Lakini linaonyesha kitu ambacho wasemaji wawili wa kwanza walikikosa, nacho ni kuuliza juu ya mahali na siku kabla ya kuuliza juu ya kanuni.

Kuhusu nyumba, baraza lilikubaliana upesi kuliko ilivyotarajiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, karibu na Fort Providence katika Northwest Territories, watafiti wa nchi kadhaa waliwasha kwa makusudi moto wa vilele katika viwanja vya msitu halisi, na Jack Cohen, mtafiti wa maabara ya moto ya Missoula, akasimamisha kuta za mbao mbele ya moto huo. Baadhi ya kuta zilizokuwa mita 10 kutoka msituni ziliwaka. Zilizokuwa mita 20 na zaidi hazikuwaka. Nyumba nyingi, kwa hiyo, haziunguzwi na ule ukuta mkubwa wa miali unaoonekana kwenye televisheni, bali na cheche zinazobebwa na upepo na kutua katika majani makavu ya mfereji wa paa, kwenye rundo la kuni ukutani, chini ya ngazi za mbao. Na eneo linaloamua kama nyumba itapona halizidi mita 30 kuizunguka. Utafiti huu ni wa bei nafuu kuliko ndege yoyote ya kumwaga maji, na labda ndiyo sababu haupendwi sana, kwa kuwa unamkabidhi mwenye nyumba ufagio badala ya kumwonyesha ndege. Hata hivyo Julai 2024 moto uliingia Jasper, mji ulio ndani ya hifadhi ambako uchomaji wa mpango na usafishaji wa miti ulikuwa umefanywa kwa miaka, ukaunguza majengo 358, karibu theluthi ya majengo yote. Sehemu iliyosalia ya mji ilipona, na kila upande umeitumia Jasper kama ushahidi wake.

Hoja kama ilivyoandikwa inashindwa. Imeshindwa kwa sababu inauliza kama moto uzimwe bila kuuliza ni kitu gani kinachoungua. Pale ambapo kinachoungua ni miti tu, na mboji imelowa maji ya theluji iliyoyeyuka, Mpinzani ana haki na moto uachwe ufanye kazi yake. Pale ambapo ni nyasi za Mei kando ya kijiji, Mwenyeji apewe kibiriti na mamlaka kamili ya kukitumia. Na pale ambapo ukame umeshuka hadi ndani ya mboji na ardhi yenyewe inaanza kuwaka juu ya pamafrosti, hata kama hakuna nyumba hata moja kwa kilomita mia, Mtetezi ashinde na wazimamoto waende mapema. Ugumu wa hukumu hii ni kwamba vipimo vya hatari ya moto vinavyotumika Kanada tangu mwaka 1970 vinapima ukavu wa matabaka ya mboji, la juu na la chini, kila siku ya msimu, lakini bajeti na sheria nyingi bado hupangwa kwa umbali kutoka barabarani. Kinachokosekana si elimu. Ni nia ya kuiruhusu mboji iwe na kura sawa na mbao.

Mtetezi aliomba iandikwe katika kumbukumbu kwamba moto ulioingia Fort McMurray Mei 2016 ulitangazwa kuwa umezimika kabisa Agosti 2017, baada ya miezi 15 na majira mazima ya baridi. Mpinzani akaomba iandikwe pia kwamba, kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2021, mioto inayolala chini ya theluji na kuamka machipuko ilichangia chini ya asilimia 1 ya eneo lililoungua Alaska na Northwest Territories kati ya 2002 na 2018. Yote mawili yameandikwa. Katika majira ya baridi yaliyoufuata msimu wa 2023, makumi ya mioto iliendelea kufukuta ardhini chini ya theluji katika British Columbia, na Mei 2024, wakazi wa Fort Nelson walipoamriwa kuondoka kwa sababu ya moto mpya, moto wa Patry Creek uliokuwa ukiwaka kaskazini mwa mji wao ulikuwa ni wa mwaka uliopita.